Neno "Subiri": Mama Anaporudi Kazini Baada ya Likizo ya Uzazi

Mhadhara uliotolewa mjini Tanga mbele ya wafanyakazi, waajiri na wanafunzi wa sheria. Umechapwa kama ulivyotolewa, isipokuwa marekebisho madogo ya lugha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, waajiri mliokubali kuja huku mkijua mada ni ipi, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia nina dakika arobaini na tano, kisha akaongeza, "Lakini mama, wewe tunakujua." Nitajitahidi nisimtie aibu.

Kusudi langu jioni hii ni kuzungumzia siku moja tu katika maisha ya mfanyakazi mwanamke, nayo ni siku ya 85. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku hizo 84 tumeziimba sana. Kila semina ya wanawake inazitaja, na hata kijana aliyeajiriwa jana atakutajia. Lakini siku ya 85, mama anapofika getini na kitambulisho shingoni huku kifua kimejaa maziwa, ndiyo siku ambayo hatuizungumzi. Nimeshughulikia migogoro ya kazi kwa miaka mingi, na ninachokuja kuwaambia ni hiki: mgogoro wa siku hiyo ni nadra kuanza kwa neno "umefukuzwa". Huanza kwa neno "subiri". Na neno hilo, kwa jinsi tulivyolelewa, ni gumu sana kulikatalia.

Niweke mipaka mapema. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, nayo ina mhadhara wake. Kenya nitaigusa kidogo, maana ukitoka hapa ukifika Horohoro umekwisha kuwa jirani yao.

Kabla ya hoja, niruhusuni niseme ninavyoijua siku ya 85.

Mwaka 2009 nilikuwa mtunza stoo katika kampuni moja. Jina lake naliacha, na mnaolijua tafadhali liacheni vilevile. Nilikuwa nakaa Ngamiani, barabara ya 12, na kazini nilikwenda kwa baiskeli kama nusu ya mji huu. Nilijifungua mtoto wangu wa pili, siku zikahesabika, zikaisha. Asubuhi ya kurudi niliamka saa kumi, nikakamua maziwa, nikamwachia mama yangu kwenye kikombe cha bati chenye kifuniko, nikapanda baiskeli.

Nilipofika mezani kwangu, ufunguo wa droo haukuingia. Nikautoa, nikaupuliza, nikaurudisha. Ndipo nikaona kitasa ni kipya, bado kinang'aa. Kwenye kiti alikaa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kujaza kadi za stoo. Akasimama kwa adabu, akaniamkia, akanionyesha boksi la karatasi chini ya dirisha. Ndani mlikuwa na kanga yangu ya kutandika kitini, kikombe changu cha chai, na kalenda ya mezani. Kalenda ile niliifunua palepale, sijui kwa nini. Mwezi ule tarehe moja ilikuwa na duara jekundu. Ilikuwa tarehe ya siku ileile. Niliichora mwenyewe kabla sijaondoka.

Meneja alinipokea vizuri mno. Akanipa hongera, akauliza mtoto ni wa kiume au wa kike, akasema kumekuwa na mabadiliko madogo. "Nenda nyumbani mama, subiri, tutakupigia." Akatoa noti ya shilingi elfu kumi, ya sabuni ya mtoto. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema ahsante.

Mji wetu watu wanautania, "Tanga, waja leo, waondoka leo." Siku ile utani huo ulinihusu mimi.

Basi nilisubiri. Nilisubiri siku 46. Siku ya 47 ndipo nilipokwenda kuuliza haki yangu iko wapi, na majibu niliyopewa ndiyo yaliyonifanya niache stoo na kuingia katika kazi hii ya kutetea watu. Nitayarudia majibu hayo mahali pake. Sasa hoja.

Hoja ya kwanza: kumzuia mama asirudi kazini ni kumwachisha kazi, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo.

Hili si rai yangu. Limeandikwa. Wanafunzi wa sheria fungueni kifungu cha 36 cha Sheria ile ya 2004, mahali panapoeleza maana ya kuachishwa kazi. Watu wengi hudhani kuachishwa ni barua yenye mhuri. Sheria inataja mambo mengine kadhaa yanayohesabiwa kuwa ni kuachishwa, na mojawapo ni mwajiri kushindwa kumruhusu mfanyakazi arudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Someni wenyewe. Mtunga sheria aliliona geti lile, akamwona na meneja yule mwenye tabasamu, akasema hili nalo nitalihesabu.

Ukisogea hadi kifungu cha 37 utakuta kwamba sababu inayohusiana na ujauzito haiwezi kamwe kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na kimetaja kwa majina jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Angalieni hapo kwenye hali ya ndoa. Sheria haimuulizi mama kama ameolewa. Wapo maofisa utumishi ambao bado wanauliza, tena kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi.

Na kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki. Mama hana haja ya kuthibitisha kwamba alionewa.

Sasa mtaniuliza, kama sheria iko upande wake kiasi hicho, mbona wanawake wanashindwa? Wanashindwa kabla ya kufika hapo. Mwajiri akiitwa, hasemi, "Nilimfukuza kwa haki." Anasema, "Hatujamfukuza. Hakurudi." Hapo mzigo unahama. Kabla ya kubishana kama uachishaji ulikuwa wa haki, mama sasa anatakiwa aonyeshe kwamba kulikuwa na uachishaji wowote. Naye ana nini mkononi? Ana maneno "subiri, tutakupigia", yaliyosemwa na mtu mmoja, mlango umefungwa.

Kuna jambo baya zaidi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Ni kanuni nzuri, inawahusu watoro. Lakini hebu mfikirieni mama aliyeambiwa akae nyumbani asubiri simu. Daftari la mahudhurio halijui kwamba aliambiwa. Siku ya kwanza pako wazi, ya pili pako wazi, ya tatu, ya nne, ya tano. Siku ya sita mama amekaa sebuleni anatazama simu, na kwenye karatasi amekwisha kuwa mtoro.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama mtatoka hapa na jambo moja basi litoke hili: siku ya 85, kabla ya kuvua mkoba begani, saini daftari la mahudhurio. Wakikunyima daftari, andika barua. Barua yenyewe ni ya mistari minne. Leo tarehe fulani nimeripoti kazini baada ya likizo yangu ya uzazi kuisha. Nimeambiwa na fulani nisubiri nyumbani. Niko tayari kuanza kazi leo. Naomba maelekezo kwa maandishi. Fanya nakala mbili, moja waache nayo, ya pili wagonge mhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, itume kwa njia itakayobaki na tarehe, hata kama ni ujumbe wa simu. Adabu yako haijapungua. Unaweza kuandika "Shikamoo mzee" mwanzoni ukipenda.

Hoja ya pili: saa inatembea wakati wewe unasubiri.

Mgogoro kuhusu kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Kanuni zake za mwaka 2007 zinasema mgogoro huo ufikishwe ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya malimbikizo ya mshahara au masharti ya kazi kubadilishwa, ina siku 60. Siku 30 zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, au tarehe mwajiri alipofikia uamuzi wa mwisho.

Tarehe hiyo ni ipi kwa mtu aliyeambiwa asubiri? Mawakili mliomo humu mnatabasamu, maana mnajua hapo ndipo pesa ilipo. Mwajiri atasema ni siku ile ile aliyofika getini. Mama atasema ni siku alipogundua kwamba simu haitapigwa. Mnaweza kubishana juu ya hilo miezi sita bila kugusa swali la haki yake hata kidogo.

Mimi nilikwenda siku ya 47. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mwema, akanipa fomu, kisha akahesabu tarehe kwa vidole juu ya meza. Akaniambia nimechelewa, kwa hiyo kwanza niombe kuongezewa muda, na nieleze sababu ya kuchelewa. Sababu yangu? Nikamwambia nilikuwa nasubiri. Akaniuliza, "Una maandishi yoyote?" Nilikuwa na kadi ya kliniki, barua ya kuomba likizo, na boksi lenye kanga. Mwishowe tulimalizana mbele ya msuluhishi kwa mshahara wa miezi miwili na cheti cha utumishi. Nilisaini. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala.

Naomba msinielewe vibaya. Usuluhishi ni jambo jema. Mgogoro ukifika Tume unaanza na msuluhishi, ambaye ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, na wengi humaliza hapo wakaenda zao. Usuluhishi ukishindikana, mgogoro unakwenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na uamuzi ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Huhitaji wakili kuingia mlango wa kwanza. Chama chako cha wafanyakazi kinaweza kukusindikiza, na hata peke yako unaweza. Lakini usuluhishi ni mazungumzo, na katika mazungumzo mwenye karatasi ndiye mwenye sauti. Mimi nilikaa pale na kalenda yenye duara jekundu. Haikuwa na mhuri wa mtu.

Kuna wanaoniambia, "Mama, ukikimbilia Tume mapema utaharibu uhusiano na mwajiri, huenda kweli angekupigia." Inawezekana. Nimewaona waajiri waliopiga. Mfano wa karibuni, ofisi moja ilimrudisha mama siku ya 12, na hakuna aliyegombana. Kwa hiyo sisemi ukimbie siku ya kwanza. Nasema andika siku ya kwanza, na ifikapo wiki ya tatu bila jibu la maandishi, nenda kachukue fomu. Ukiitwa kazini kesho yake, fomu utaiacha.

Hoja ya tatu: anarudi kwenye nini?

Hapa nitawaudhi baadhi ya wanawake wenzangu. Kifungu cha 33 kinasema mama atarudi kazini kwa masharti yaleyale ya ajira. Hakisemi kiti kilekile. Kenya katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, wamelieleza kwa urefu kidogo: mama ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyokuwa nayo kabla ya likizo, au kazi nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko yale ya mwanzo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 183 wa mwaka 2000 unafanana na huo: nafasi ileile, au inayolingana nayo kwa mshahara uleule.

Kwa hiyo mama anayeniambia, "Wamenihamisha chumba, zamani nilikuwa karibu na dirisha," nitamsikiliza, nitampa chai, lakini sitamwandikia barua. Nitauliza mambo mengine. Mshahara umebaki? Posho? Cheo kwenye karatasi ya mshahara kimeandikwaje? Saa za kazi ni zilezile? Aliokuwa akiwasimamia, bado anawasimamia? Nimemwona mhasibu aliyerudi akapewa meza mapokezi na kuambiwa "kwa muda tu", mshahara uleule, cheo kilekile, kazi yake kupokea simu na kuandika majina ya wageni. Alikaa hapo hadi akaandika mwenyewe barua ya kuacha kazi. Sheria ina neno kwa hilo nalo: mfanyakazi anayeondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anahesabiwa ameachishwa. Ila ni njia ngumu kuithibitisha, na barua yake ya kuacha kazi ilisema "kwa sababu za kifamilia", maana hakutaka kumkwaza mtu. Adabu tena.

Halafu kuna ile ya "nafasi yako imefutwa". Mwajiri anaruhusiwa kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji, na kuwa likizo ya uzazi hakumpi mtu kinga ya milele. Lakini kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa ya kusudio, afichue taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuepuka na jinsi ya kuchagua wa kupunguzwa. Mama aliyekuwa nyumbani ananyonyesha alishirikishwa lini? Kama nafasi imefutwa, yule kijana kwenye kiti anafanya kazi gani?

Na wale wa mikataba ya muda. Mkataba ukifika mwisho wake unaisha, hata ukiisha katikati ya likizo. Lakini kama umehuishwa mara tatu mfululizo bila maneno, na mara ya nne ukaachwa kuhuishwa baada tu ya tumbo kuonekana, hapo kuna swali la matarajio halali, na sheria inaliruhusu liulizwe.

Hoja ya nne: maziwa.

Nilijiuliza kama niiseme mbele ya wazee. Nitaisema.

Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, amnyonyeshe mtoto. Wataalamu wa afya, Shirika la Afya Duniani likiwamo, wanatuambia mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Piga hesabu. Likizo ni siku 84, hazifiki miezi mitatu. Na kama mama alianza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, anarudi kazini mtoto akiwa na siku 56. Mtoto wa siku 56 hajaweza kushika shingo yake sawasawa.

Basi zile saa mbili ndizo zinazoziba pengo. Hapa Tanga mtu anaweza kupanda baiskeli, akafika nyumbani, akanyonyesha, akarudi. Dar es Salaam mama anayekaa Mbagala na kufanya kazi Posta atazimalizia saa mbili hizo kwenye daladala, amesimama. Wengine wanakubaliana na mwajiri watoke mapema saa mbili. Ni mpango mzuri, uandikwe. Wengine wanakamua maziwa ofisini. Wapi? Nawaambia ninachokijua: chooni, mgongo umeegemea mlango kwa sababu komeo limevunjika, chupa kwenye mfuko wa nailoni, halafu mfuko unafichwa nyuma ya jagi kwenye friji ya ofisi ili asije mtu akauliza ni nini. Mwanamke huyo ndiye anayeandika taarifa ya robo mwaka ya kampuni. Wenzetu wa Kenya waliweka wajibu wa chumba cha kunyonyeshea katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Chumba chenyewe ni kiti, pazia, soketi ya umeme na kitasa kinachofunga. Waajiri, hesabuni gharama yake, mniambie.

Zamu za usiku nitazipitia haraka. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mama haruhusiwi kupangwa kazi kwa miezi miwili baada ya kujifungua, isipokuwa aombe mwenyewe na daktari athibitishe kwamba yeye na mtoto hawatadhurika. Baada ya hapo, kama afya yake au ya mtoto hairuhusu, alete cheti cha daktari. Wauguzi na walinzi, andikeni hilo.

Hoja ya tano: mwajiri naye ana neno.

Nimewaona waajiri wakijikuna, nao wana haki ya kusikilizwa. Duka la watu wanne likiondokewa na mmoja kwa miezi mitatu, limeondokewa na robo ya nguvu yake, na linaendelea kumlipa aliyeko nyumbani huku likimlipa aliyeshika nafasi. Si jambo dogo. Ndiyo maana sheria inamtaka mama atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Miezi mitatu hiyo ni yako mwajiri, ujipange. Na unapomchukua mtu wa kushika nafasi, mwandikie wazi kwamba mkataba wake unaisha fulani anaporudi. Kijana yule aliyekaa kwenye kiti changu hakuwa na barua ya namna hiyo. Alikuwa na haki yake naye, na ugomvi wangu haukuwa naye.

Lakini tatizo la malipo ni kubwa kuliko mwajiri mmoja. Mkataba ule Na. 183 unasema mafao ya uzazi yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri asibebe peke yake gharama ya moja kwa moja. Nadhani hapo ndipo tunapotakiwa kwenda. Mwajiri anayejua kwamba gharama inabebwa na mfuko wa wote hana sababu ya kumtazama binti kwenye usaili na kumuuliza anatarajia kuolewa lini.

Hoja ya sita ni fupi, na haimhusu meneja yeyote.

Sisi wanawake tunaorudi kazini siku ya 85 tunamwacha nani na mtoto? Wengi humu mna dada nyumbani. Sheria ya 2004 haikumtoa dada wa kazi za nyumbani. Waliotolewa ni wanajeshi, polisi, magereza na wenzao wa vyombo kama hivyo. Dada ni mfanyakazi kama mimi na wewe. Na akipata ujauzito tunafanya nini? Tunamkatia tiketi ya basi, tunampa kanga mbili na nauli ya bodaboda, tunamwambia, "Nenda nyumbani mdogo wangu, ukishajifungua utapiga simu." Mimi nimelifanya, Ndugu Mwenyekiti. Ilikuwa mwaka 2012, miaka mitatu tu baada ya siku yangu ya 47. Alinishukuru.

Nimalizie kwa yanayokuja. Mwaka 2025 sheria zetu za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua mtoto njiti sasa anaongezewa muda wa likizo. Wauguzi na wazazi walilidai hilo kwa miaka, na limepita. Kwa hiyo sheria inaweza kusogezwa. Ningependa tusogeze mambo matatu. La kwanza, siku 84 zifike 98, yaani wiki 14 za Mkataba ule Na. 183. La pili, baba naye. Leo ana siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu zinatosha kununua ndizi na kumpeleka mama nyumbani. La tatu halihitaji Bunge, linahitaji matawi yenu: kila mkataba wa hali bora utakaojadiliwa kuanzia sasa uwe na kipengele kinachomtaka mwajiri ampe mama barua ya tarehe ya kurudi na nafasi anayorudia, siku ileile anapompa barua ya likizo. Karatasi moja, tarehe mbili. Katibu wa tawi ameniahidi rasimu itakuwa tayari kabla ya kikao cha mwezi ujao, na nimeiandika tarehe hiyo kwenye kalenda yangu.

Nimezidisha dakika sita, Mwenyekiti ananitazama. Maswali sasa. Nianze na dada yule wa nyuma kabisa aliyembeba mtoto. Mwenzangu, uliza haraka, maana huyo akiamka hatatusubiri.